Windows iliyopunguzwa: miezi minne dukani kwangu Langoni

Duka langu la kuchapa na kutoa kopi liko Langoni, Lamu, na kazi yote inabebwa na laptopu moja ya mwaka 2011, RAM giga 4. Nikiiwasha asubuhi, mteja huketi barazani akamaliza kahawa yake kabla sijafungua Word. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 rasmi haiikubali mashine yangu, kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0.

Fundi mmoja akaja na flashi yenye Windows aliyoipata kwa watu wengine, si kwa Microsoft. "Mama, hii imepunguzwa, haina mizigo." Nikamlipa shilingi 1,000.

Wepesi wake niliupenda kweli. Iliwaka chini ya dakika moja, haikuganda nikichapa mkataba wa kurasa 60, wala haikunimalizia bando usiku kwa masasisho.

Wiki ya tatu mteja akaleta flashi yenye virusi. Nikaitafuta Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, kumbe imeng'olewa. Masasisho nayo yamezimwa, hayawashiki. Hapo nikaingiwa na hofu. Kwenye mashine hiyo nimefungua akaunti za majirani za eCitizen (huduma za serikali) na iTax (kodi), nimeskani vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Mtu aliyeipika Windows ile simjui, na aliyeweza kutoa kinga angeweza pia kutia kitu chake ndani, nisijue. Nikafuta kila kitu, nikawapigia simu wateja mmoja mmoja wabadilishe nywila. Ilikuwa aibu, lakini ni amana za watu.

Sasa natumia tiny11, Windows 11 iliyopunguzwa, iliyotoka mwaka 2023 kwa mtengenezaji ajiitaye NTDEV. Hii pia si rasmi. Tofauti ni kwamba ametoa skripti, yaani faili la maagizo ambayo kompyuta huyafuata: faili la Windows 11 unalipakua mwenyewe kwa Microsoft, kisha skripti inaondoa programu zisizo na kazi, nawe unatazama. Faili ni zaidi ya giga 5, kwa hiyo tafuta wifi ya mtu. Leseni bado unaihitaji. Toleo lake la kawaida linabakisha Defender na masasisho. Lile jingine, liitwalo core, usiliweke kwenye mashine ya kazi, mwenyewe ameeleza kuwa halisasishiki.

Kwa kuchapa na kuprinti naipa nne kwa tano. Kwa akaunti za watu siiamini, maana Microsoft haiihudumii mashine hii na sasisho kubwa linaweza kukataa kuingia siku yoyote. Kazi hizo nimezihamishia Linux Mint ya Xfce, mfumo mwingine mwepesi usio Windows, kwenye laptopu hiyo hiyo: ni ya bure, na masasisho yanatoka kwa watengenezaji wake wenyewe. Yule fundi ndiye aliyeniwekea zote mbili, safari hii mimi nikiwa nimeketi kando yake tangu mwanzo wa kupakua.