Loji ya Jangwani Iliyoniuzia Giza, Kisha Ikaniwashia Taa

Nianze na taa, maana mengine yote ya hiyo loji ni mazuri, na ndiyo yanayonizidishia hasira.

Kusini mwa Jangwa la Namib, kule Namibia, giza ni biashara. Hifadhi binafsi ya NamibRand ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, yaani mahali taa zinapodhibitiwa ili nyota zionekane, ya kwanza Afrika. Loji niliyofikia haimo ndani yake. Iko pembeni, ila jina la hifadhi inalitumia bila haya kuuza vyumba. Vyumba vyenyewe ni vichache, kila kimoja kina roshani na kitanda cha kulala nje ukitazama nyota. Nililipa fedha ambayo siitaji hapa, mke wangu asije akaisoma.

Usiku ukaingia. Mhudumu akatandika kitanda, akaweka chupa za maji ya moto chini ya blanketi kwa sababu miezi ile baridi ya jangwani inakata hasa. Nikapanda, nikajilaza. Ukutani, juu kidogo ya mto, ikawaka taa nyeupe. Si ya kusomea. Ni ile ya kumulika yadi ya malori! Nikatafuta swichi, hakuna.

Jamani, macho ya binadamu yanahitaji karibu nusu saa kulizoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa muda mfupi tu unakurudisha mwanzo. Ndiyo maana wanaotazama nyota hutembea na tochi nyekundu, na taa za nje hufunikwa zikamulika chini. Mtu anayeuza giza hajui hilo?

Nikashuka mapokezi. Meneja hata hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Hiyo ni taa ya usalama."

Usalama dhidi ya nani? Jirani wa karibu alikuwa choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, na lami tuliiaga mapema, tukala vumbi la changarawe mchana kutwa. Nikamwomba aizime. "Mgeni wa jana hakulalamika," akasema, akaendelea kubofya.

Hapo nilikwisha kuamua: nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna sifuri.

Kisha mlinzi wa usiku, mzee mpole, akanifuata gizani (nusura niseme gizani, kumbe kulikuwa kweupe pe). Hakuuliza kitu. Akaegesha ngazi, akafungua glopu kwa kitambaa, akanikabidhi. "Nirudishie asubuhi, bosi hajaamka."

Lo! Usiku wa manane kitovu cha Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, kilikuwa utosini kabisa. Kuelekea alfajiri nikayaona Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zinazoonekana kama vipande vya wingu, ambayo watu wa Ulaya hawayaoni kwao. Kwanza nikadhani ni mawingu ya kawaida yaliyokataa kusogea. Kilimia kikachomoza mashariki, nami bado sijafumba jicho. Nyota tano! Ningewapa hata sita.

Mchana tulipelekwa Sossusvlei na Deadvlei, kwenye matuta mekundu na miti mikavu ambayo picha zake mmeshaziona. Ni kweli, pako hivyo hivyo. Chakula kizuri, muongozaji anajua kazi yake.

Usiku uliofuata taa imewaka tena. Glopu mpya, kali zaidi, na ngazi imefungiwa stoo. Meneja akanipita akitabasamu.

Basi nyota tatu. Hapana, mbili, na zote ni za mzee wa watu. Jina la loji sitalitaja, asije akafukuzwa kazi kwa ajili yangu.

Mnaopanga kwenda pande zile, kabla ya kulipa waulizeni kwa maandishi: taa ya roshani ina swichi, na iko upande gani? Wakikujibu habari za mito na mvinyo, tafuta kwingine.