Magongo ya alumini niliyonunua Mtwara mjini: chuma safi, raba za chini hamna kitu

Wakuu salama? Hii riviu nimeiahidi tangu mwezi wa tisa nikawa nasogeza tu, leo nimekaa nikasema acha niandike maana timu yetu ya mtaa mwaka huu imekuwa wodi, juzi mmoja kaumia goti, mwingine enka, na wote wananifuata mimi "kaka yale magongo ulinunua wapi, mazuri?" Jibu ni refu kidogo ndo maana naandika.

Mimi nilivunjika mwezi wa nane, mechi ya kawaida kabisa, kiwanja cha mchanga kule Chuno, mi beki wa kulia umri umeshaenda ila kichwa ndo kinagoma kukubali. Nimeruka kupiga kichwa nikatua juu ya mguu wa mtu, enka ikalala kwa ndani, nikasikia kta, mlio uleule wa korosho ukiibangua. Wenzangu wakanimwagia maji wakasema imeteguka tu vuta vuta itarudi. Nyumbani shangazi keshapasha mafuta ya nazi anataka kuchua, nikamwambia shangazi shikamoo na mafuta yako weka kwanza. Kilichonishtua ni kwamba nilijaribu kutembea hatua nne tu nikashindwa, na nikibonyeza pale kwenye kile kifundo cha nje, kwenye mfupa wenyewe siyo nyama, naona nyota. Daktari alikuja kuniambia hivyo vitu viwili ndo huwa wanaviangalia kabla hawajakuandikia picha.

Picha ikaonyesha ule mfupa mwembamba wa nje una ufa kwa chini, haujahama, kwa hiyo operesheni hakuna. Nikafungwa P.O.P, lile hogo la plasta, ya nusu kwanza kwa sababu mguu ulikuwa bado unavimba, ukifunga hogo zima siku ya kwanza na mguu unaendelea kuvimba humo ndani ni balaa lingine, wiki iliyofuata ndo nikafungwa zima. Wiki sita, na ndani ya hizo usikanyage kabisa mpaka uambiwe. Halafu nikaambiwa nenda katafute magongo. Basi. Hiyo ndo ilikuwa maelekezo yote kuhusu magongo, na hapo ndo stori yangu inapoanza.

Siku mbili za kwanza nilitumia ya mbao ya babu jirani, mazito kama mlango. Siku ya tatu mdogo wangu akanipeleka na bajaji kwenye duka moja la vifaa tiba mjini, sitalitaja kwa sababu sitaki maneno. Muuzaji kaniangalia juu mpaka chini, akasema "wewe mrefu, chukua L", akanipa pea ya Kichina, alumini, yale ya kwapani, 45,000 hapungui hata mia. Hakunipima, hakuniambia nisimame nayo, akaendelea na simu yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye bajaji mguu umeninginia nikasema poa twende.

Tuanze na uzuri maana upo. Ni mepesi sana, unaweza kuyashika yote kwa mkono mmoja wakati unapanda bajaji. Urefu unabadilisha kwa kile kitufe unakibonyeza kinatokea tundu lingine, pembeni ya matundu kumeandikwa futi na inchi. Kwa upepo wa bahari wa hapa Mtwara bomba zenyewe hazijapata kutu hata doa mpaka leo, ila zile skrubu za mshikio zilianza kuwa nyekundu ndani ya mwezi mmoja tu, kwa hiyo chuma cha skrubu siyo kile cha bomba msidanganyike. Kubeba yanabeba, mi nina kilo 84 sikuwahi kusikia yanalia.

Sasa ubaya. Nilikaa nayo siku nne kwapa zikawaka moto kama nimekalia siafu, tukawa tunafunga kanga juu ya sponji haisaidii, halafu nikaanza kusikia ganzi vidole vya mkono wa kulia. Nikajua ndo nimelala vibaya. Nimeenda kliniki yule dada wa mazoezi ya viungo hata salamu hakumaliza, ananiambia "Kaka nani kakupimia haya?" Nikamwambia dukani. Akacheka akasema dukani wanapima kwa macho. Akanisimamisha ukutani, mabega chini, akaingiza vidole vyake kati ya kwapa na gongo havipiti, akashusha matundu mawili. Inatakiwa vipite vidole viwili mpaka vitatu. Halafu mshikio akaupandisha, mkono ukining'inia wenyewe mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, ili ukishika kiwiko kikunjike kidogo. Kumbe uzito unaubeba kwa viganja, kwapa haibebi kitu, ile sponji ya juu unaibana tu na mbavu isikimbie. Kwapani kuna mshipa wa fahamu unapita, ukiulalia siku nyingi mkono unalegea mpaka kiganja kinaning'inia huwezi kukiinua. Yani nimevunjika mguu nusura nirudi na mkono. Ganzi iliisha ndani ya siku chache baada ya kurekebisha, na hiyo L wala haikuwa saizi yangu, nimeishusha mpaka tundu la mwisho kabisa, M ingenitosha na kubaki.

Lakini kipimo ni kosa la muuzaji, kosa la magongo yenyewe ni raba za chini. Hizi raba ni ngumu kama plastiki. Kwenye mchanga wa mtaani sawa, gongo linazama tu unavuta, ukienda nayo Shangani ufukweni ndo utatukana ila huko ulifuata nini na P.O.P. Shida ni sakafu. Malumalu ikiwa na tone la maji zinateleza kama ndala iliyoisha. Wiki ya tatu nimetoka bafuni, gongo la kushoto likakimbia mbele, nikadaka mlango, mguu wa hogo ukagusa chini, kijasho kikanitoka nikasema tayari ufa umefunguka. Haukufunguka. Kugeuza gongo nikakuta raba imelika upande mmoja na mdomo wa bomba umeshatoboa unachungulia, wiki tatu tu, na kutembea kwangu kulikuwa chumbani, barazani na msikitini.

Nikarudi dukani kuulizia raba peke yake, akaniambia haziuzwi peke yake nunua pea nyingine. Pea nyingine! Hapo ndo nilikasirika kweli.

Aliyeniokoa ni fundi wa katambuga pale karibu na soko. Mzee wa watu nimemwamkia nikampa gongo, akaligeuza, akakwangua ile raba na kisu, akasema mwanangu hii siyo raba hii ni peremende. Akachukua kipande cha tairi la bodaboda, akachora duara kwa kufuata mdomo wa kikombe cha kahawa, akakata mbili kwa gongo moja, ya ndani ametoboa tundu bomba liingie, ya nje nzima yenye vile vijimeno vya tairi inatazama chini, akashona pembeni na uzi wa nailoni halafu gundi. Nusu saa. Elfu 3 yote mawili. Dada wa mazoezi alivyoziona akazikagua kwanza, akanitembeza korido nzima ananifuata nyuma, akasema kwenye saruji na mchanga ziko vizuri, kwenye malumalu yenye maji bado usijiamini, kausha kwanza. Nilienda nazo mpaka nikamaliza.

Kitu kingine kidogo, ile nati yenye masikio mawili inayoshika mshikio inalegea yenyewe, kila asubuhi kabla sijatoka kitandani nazibana zote kama mtu anayekagua pikipiki. Ukisahau mshikio unazunguka na wewe.

Wiki ya nne nikaona siwezi kukaa ndani milele nikaenda uwanja wa Nangwanda Sijaona kuangalia mpira. Vijana wa mtaani wananiita Luke Shaw, yule beki wa Manchester United aliyevunjwa mguu kule Eindhoven 2015, nikawaambia yule kavunjika sehemu mbili na kisu juu, mimi moja tena ufa, ila jina wameshalipenda basi. Kwenye ngazi kuna sheria yake, kupanda mguu mzima unatangulia halafu magongo na mgonjwa yanafuata, kushuka magongo na mgonjwa yanatangulia. Nilikuwa naitamka kwa sauti kila ngazi, mzima apande, mgonjwa ashuke, watu wananiangalia. Na hapa magongo nayapa sifa, kwenye ngazi yako imara, hayatikisiki, kile kitufe hakijawahi kuchomoka hata siku moja.

P.O.P ilivyotolewa nikadhani na magongo ndo kwaheri. Wapi. Mguu umebaki kama mchi, kigimbi kimekwenda, ngozi inabanduka magamba, enka imekakamaa haipandi wala haishuki. Nikapewa mazoezi, kuvuta vidole kwa kitambaa, kuandika herufi hewani kwa dole gumba, baadaye kusimama mguu mmoja huku umeshika meza, na magongo bado wiki mbili za kukanyaga kidogokidogo. Halafu likabaki gongo moja. Hili moja linashikwa mkono wa upande wa pili, mguu mbovu wa kulia gongo kushoto, ili vitoke mbele pamoja. Mtaa mzima walinisahihisha kwamba nimekosea, mpaka mama muuza vitumbua, "baba unashika kinyume wewe utaanguka." Hata wewe kwenye muvi umeona wanashika upande uleule wa maumivu, ndo hivyo tena.

Kwa hiyo niseme nini. Kama magongo mi nayapa tatu kwa tano, ingekuwa nne kama si raba. Duka lenyewe moja, na hiyo moja ni ya AC. 45,000 siyo hela mbaya kwa alumini ila weka pembeni elfu 3 ya fundi katambuga. Ukienda kununua usikubali kupimiwa umekaa kwenye bajaji, shuka, shikwa na mtu, simama kwa mguu mmoja umevaa kiatu kilekile utakachotembelea, pima vidole kwapani, pima mshikio, geuza chini ubonyeze raba na kucha, ikiwa haibonyei kabisa achana nayo. Na ya mbao usiyadharau, ya babu yalikuwa mazito lakini raba zake za zamani zilikuwa zinashika malumalu kama pweza, nilitamani nimuibie.

Ukiwa na P.O.P halafu vidole vinakuwa vya baridi, vinabadilika rangi au maumivu yanapanda tu hata umeinua mguu na umekunywa dawa, hapo usiulize gongo wala usisubiri asubuhi, rudi hospitali usiku huohuo. Kuna jamaa nilimkuta kliniki alisubiri kuche, sitaki kuelezea.

Uwanjani nimerudi mwezi wa kwanza, dakika ishirini ishirini, nimefungwa enka sapoti na vilinda ugoko ambavyo zamani nilikuwa naona ni vya watoto. Magongo kwa sasa yako kwa mtoto wa jirani aliyedondoka kwenye mwembe, tairi za fundi bado ziko na moja imeanza kuachia uzi. Mwenye kujua duka lolote Mtwara au Lindi linalouza raba za gongo peke yake, laini, anitajie hapo chini.