Nimepimisha mate ya nguruwe wangu mara mbili

Nguruwe wangu hapa Kigumba walianza kung'atana mikia. Daktari wa mifugo akaniambia, "Mzee, tuwapime kotisoli, homoni ya msongo, kwa mate, tujue wana msongo kiasi gani." Nikacheka. Nguruwe umwambie ateme mate?

Kumbe hatemi, anatafuna. Kijana wa maabara alikuja na buti zake, akazichovya kwenye dawa kabla hata sijamwambia (homa ya nguruwe imetufunza adabu sote). Akabana pamba nene kwa koleo refu, akaining'iniza mbele ya pua. Wakaja wenyewe, wakaitafuna kama watoto na muwa, na baada ya dakika moja hivi imelowa chepe. Hakuna kamba wala sindano. Kwa damu ingekuwa vita, maana nguruwe ukimkamata tu, kile kishindo chenyewe kinapandisha homoni unayotaka kuipima.

Vichupa vikaingia kwenye boksi la barafu, vikapanda basi la Kampala.

Sasa lawama. Mara ya kwanza tulipima wengine asubuhi, wengine jioni. Kotisoli ya nguruwe huwa juu asubuhi na hushuka jioni, kwa hiyo nilikuwa nalinganisha maji na maziwa. Maabara wanalijua hilo. Hawakusema, walipokea hela, wakanitumia namba tupu kwa WhatsApp. Sampuli mbili zilikataliwa kwa kuwa na pumba, kwa sababu nililisha kwanza. Hilo kosa langu, ila nalo hakuna aliyenionya.

Mara ya pili daktari alisimamia mwenyewe. Saa nne asubuhi, wote kabla ya kula. Tukachanganya nguruwe wa mabanda mawili, tuone msongo utapanda vipi, tukasubiri nusu saa, maana homoni haionekani kwenye mate papo hapo, tukapima tena. Karibu wote walipanda. Aliyewashinda ni dume wangu, na yeye hakuguswa na yeyote: banda la jirani kulikuwa na jike mwenye joto la kutaka dume. Daktari akasema kotisoli haitofautishi hofu na hamu, lazima uwepo uone kilichotokea.

Tangu hapo sichanganyi tena nguruwe wakubwa, na mikia imepona. Bei ya sampuli moja inakaribia gunia la pumba, kwa hiyo kupima kwa kujifurahisha, hapana. Nikimaliza banda la tatu nitawaita tena, na maelezo ya namba nitayadai kabla sijalipa.