Amoksilini ya kuyeyusha ya mg 250 kwa watoto: uzoefu wangu wa kuiandika na kuitoa zahanati

Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 59 mwenye homa ya mapafu isiyo na dalili za hatari, sijaona dawa ya kuizidi amoksilini ya kuyeyusha, antibiotiki (dawa ya kuua bakteria) ya kidonge kinachosambaratika kwenye maji. Naipa nyota nne kati ya tano. Matatizo mengi niliyoyaona yako kwetu sisi tunaoandika cheti, kidonge chenyewe hakina kosa kubwa.

Kubwa kuliko yote ni dozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataka angalau mg 40 kwa kila kilo ya uzito, kutwa mara mbili. Kwa vidonge hivi hesabu inakuwa nyepesi: kilo 4 hadi chini ya 10, kidonge 1 asubuhi na 1 jioni, kilo 10 hadi chini ya 14, viwili viwili, kilo 14 hadi 19, vitatu vitatu. Kwa siku 5 mama anaondoka na vidonge 10, 20 au 30. Hakuna kukisia ujazo wa kijiko.

Linganisha na mazoea yetu ya "chupa moja, kijiko kimoja kutwa mara tatu". Mtoto wa kilo 12 akipewa ml 5 za dawa ya maji yenye mg 125 kwa kila ml 5, kwa siku anapata mg 375, wakati anahitaji 1,000. Chupa nzima ya ml 100 ina mg 2,500, sawa na vidonge 10, yaani nusu ya dozi yake. Anaimaliza, bado anahema haraka, anarudishwa, nasi tunaandika kwamba amoksilini imeshindwa, kisha tunarukia azithromaisini au sindano ya seftriaksoni. Dawa hizo mbili WHO imeziweka kwenye kundi la kutumiwa kwa uangalifu kwa sababu zinachochea zaidi usugu, yaani bakteria kutouawa tena na dawa. Amoksilini iko kundi la kuanzia. Kwa hiyo nikisikia "imeshindwa", swali langu la kwanza ni: alipewa miligramu ngapi, na alikuwa na kilo ngapi?

Hapa ndipo uelewa wetu wa usugu unapopwaya. Wapo watumishi, hata wazoefu, wanaosema mwili wa mtoto umeizoea dawa. Mwili hauzoei. Anayebadilika ni bakteria. Nimokokasi, ambaye ni chanzo kikubwa cha homa ya mapafu kwa watoto, hubadilisha zile protini ambazo dawa hujishika nazo, hivyo dawa inashika kwa shida. Mara nyingi usugu huo ni wa kiasi: ukiongeza dawa, bado inamshika. Ndiyo sababu dozi imewekwa juu. Ukitoa dozi ndogo unawaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu kwenye koo na pua ya mtoto yuleyule.

Kidonge hiki hakikusaidii kujua nani wa kumpa. Hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima, mtoto akiwa ametulia, nguo imefunuliwa kifuani. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni kuhema haraka. Miezi 12 hadi 59, ni 40 au zaidi. Kuhesabu sekunde 15 kisha kuzidisha kwa nne kunakosesha, kwa kuwa watoto hawahemi kwa mpigo mmoja, na kosa la pumzi 2 linageuka 8. Mtoto akiwa analia, subiri. Akitoa mluzi kifuani, mpe kwanza salbutamoli ya kuvuta (dawa ya kufungua njia za hewa), kisha hesabu upya. Wengi hushuka chini ya kiwango na hawahitaji antibiotiki kabisa. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiyeamka vizuri, huyo si wa vidonge vya nyumbani. Ni wa rufaa.

Kuyeyusha: kikombe kidogo safi, ml 5 hadi 10 za maji safi ya kunywa au maziwa ya mama, weka kidonge, zungusha polepole mpaka kisambaratike. Mpe palepale. Masalia hubaki chini, na hayo ni dawa. Ongeza maji kidogo, suuza, mnyweshe. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Napenda dozi ya kwanza itolewe mbele yangu, mama akiwa ndiye anayeyeyusha. Mwambie arudi baada ya siku 3, au mara moja hali ikibadilika.

Nyota niliyoinyima? Kidonge hakipendi unyevu. Ukikitoa kwenye pakiti yake na kukifunga kwenye bahasha ya karatasi, kinalainika na kumeguka kabla ya siku 5. Toa kikiwa ndani ya pakiti. Pia urahisi wake unatushawishi: kipimo cha malaria kikionyesha hana, mkono unaenda wenyewe kwenye boksi la amoksilini, hata mtoto akiwa na mafua tu. Kipimo hicho kinasema hana malaria. Hakisemi ana bakteria.

Halafu kuna siku stoo inakauka na mama anatumwa duka la dawa, ambako mara nyingi atapata ya maji. Usiandike "chupa moja". Andika uzito na miligramu. Kwa yule wa kilo 12: mg 500 kutwa mara mbili kwa siku 5. Ikiwa ya mg 250 kwa ml 5, ni ml 10 kila mara, chupa moja ya ml 100 inatosha kamili. Ikiwa ya mg 125, ni ml 20 kila mara na chupa mbili, ya pili ichanganywe ya kwanza ikishaisha, kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi kwenye alama ya chupa.