Lenzi ya kukunja ya Sh 15,000, baada ya miezi minne juu ya hela za Tabora

Mimi ni fundi saa, kibanda changu kipo Isevya. Saa zikipungua mezani huwa natoa kopo la hela za Mjerumani alizoniachia bibi mzaa mama. Hapa Tabora mtu akisema hela anaweza kumaanisha Heller yenyewe, sarafu ya Mjerumani: mwaka 1916, Wabelgiji wakiwa bado hawajaingia mjini, Wajerumani walizipiga hapa hapa, sarafu za Heller 5 na 20, na kila moja ina herufi T chini ya neno HELLER. Muhuri wa chuma wa kupigia ulichongwa kwa mkono, ukichoka unapasuka, wanachonga mwingine usiofanana sana na wa kwanza. Ndiyo maana nilinunua lenzi hii, nizione tofauti hizo.

Niseme kwanza kilichoniudhi. Ubavuni imeandikwa x30, yaani inakuza mara 30. Si kweli. Sarafu inaonekana safi lenzi ikiwa karibu sentimita 2 na nusu juu yake, na huo ni umbali wa lenzi ya x10. Ya x30 ingebidi uishushe hadi chini ya sentimita 1, kivuli cha kichwa chako kifunike kila kitu. Muuzaji nilipomrudia alisema, "Mzee, zote zimeandikwa hivyo." Sikuridhika, lakini sikuirudisha, kwa sababu x10 ndiyo hasa inayotakiwa kwa kazi hii.

Wiki ya pili alikuja kijana na Heller 20 ya shaba nyekundu. "Mjomba, imekwaruzwa hii, lakini angalia tu." Kwa macho matupu niliuona mstari kutoka kwenye taji hadi ukingoni, na mimi ningesema mkwaruzo. Nikafungua lenzi, nikaegesha tochi ya simu pembeni, chini kabisa, mwanga ukapita juu ya sarafu kama jua la saa kumi na mbili. Mstari ukatoa kivuli upande wa mbali na tochi. Umeinuka! Mkwaruzo ni shimo. Huu ulikuwa kilima chembamba, kwa maana muhuri wenyewe ulikuwa na ufa na shaba ikajaa ndani ya ufa huo ilipopigwa. Nikageuza upande wa pili kuangalia L mbili za HELLER. Zipo zenye ncha zilizochongoka, zipo zenye ncha zilizojikunja, na zipo ambazo ni L ya pili tu iliyojikunja. Yake ilikuwa ya namna hii ya tatu. Taji nalo hutofautiana, kubwa na dogo.

Nikamwambia asiiguse kwa chochote. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa nyingine mfukoni, inang'aa kama sufuria mpya. Alikuwa ameisugua kwa majivu na limau. Ncha za L zimelainika, hata lenzi haikunisaidia kusema ni ya muhuri upi. Iliniuma kweli, miaka mia na zaidi imekaa salama ikaja kufutwa asubuhi moja.

Kwa herufi zinazoonekana mara mbili lenzi inatosha pia. Umbo la pili likiwa bapa kama ngazi na limeipunguza herufi, muhuri uliteleza tu wakati wa kupiga, halina thamani. Herufi mbili kamili, zenye mgongo wa duara na mpasuko kwenye ncha, hapo kosa limo ndani ya muhuri.

Taa yake ndogo ni ya samawati, inabadilisha rangi ya shaba. Mimi nimetoa betri zake, natumia tochi. Bawaba ililegea mwezi wa tatu, nikaikaza kwa bisibisi ya saa. Kioo ni kioo kweli, si plastiki, na hadi leo hakina mchubuko.

Ukienda kununua, beba sarafu yako na rula ndogo, upime umbali wa lenzi pale pale dukani.