TAHADHARI: "Kalamu ya kunyanyua taya bila sindano" inayouzwa WhatsApp na Insta hapa Dar

Dada zangu, mama zangu, someni kabla hamjatuma advansi.

Kuna muuzaji anapita kwenye magrupu akiwalenga kina mama waliovuka miaka 40. Anadai ngozi ya taya iliyolegea inakaza siku hiyohiyo kwa kalamu yake, bila kisu wala sindano, na anakufuata nyumbani na begi lake. Mama yangu mdogo alimlipa laki mbili na nusu. Ilipofika jioni taya la kushoto lilikuwa limevimba, ngozi ina mabaka meupe na ya zambarau, na maumivu yanazidi. Muuzaji kwenye simu: "Weka barafu, ni dawa inafanya kazi."

Hospitali daktari alisema kilichojazwa kimeziba mshipa wa damu. Swali lake la kwanza lilikuwa: amewekewa nini? Hakuna aliyejua, kwa sababu boksi liliondoka na muuzaji. Na jibu lilihitajika haraka. Filla (kitu cha kujaza chini ya ngozi) ya asidi ya hailuroniki ina dawa ya kuiyeyusha, hailuronidezi, lakini kama kilichowekwa ni silikoni dawa hiyo haisaidii kitu. Daktari aliijaribu, na tunamshukuru Mungu ilifanya kazi, ila mama amebaki na kovu jeusi kwenye taya.

Hiyo kalamu inasukuma filla kupenya ngozi kwa presha, na anayeishika hawezi kupima inaingia kina gani wala inatua wapi. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo dhidi ya vifaa hivi Oktoba 2021. Weka kidole kwenye ukingo wa mfupa wa taya, mbele kidogo ya msuli wa kutafunia, utasikia mapigo. Huo ni mshipa mkubwa wa uso, na unapita palepale anapofanyia kazi yake.

Anauza pia vichupa vya "kuyeyusha kidevu". Ipo dawa halali ya aina hiyo, asidi ya diokisikoliki, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Pembeni mwa taya kuna neva (mshipa wa fahamu) inayoshusha mdomo wa chini, ikidhuriwa na dawa hiyo tabasamu linakwenda upande. Tena kama shida yako ni ngozi kulegea, kuondoa mafuta kunaweza kuizidisha.

Sisemi kila njia isiyo ya upasuaji ni utapeli. Mashine za mawimbi ya sauti na za mawimbi ya redio zinakaza ngozi kiasi, na mabadiliko huonekana polepole, miezi 2 au 3. Ngozi yetu nyeusi ikiunguzwa huacha madoa ya muda mrefu, kwa hiyo muulize mtaalamu amewahudumia wangapi wenye rangi kama yako. Filla ya daktari huonekana siku hiyohiyo, ila hiyo inajaza, haikazi. Taya lililoshuka sana halinyanyuki bila upasuaji, hata ulipe milioni ngapi.

Kabla ya kulipa, omba jina kamili la daktari ulitafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na jina la dawa uliulizie TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Muulize pia kama ana hailuronidezi hapo alipo. Binti ya mama mdogo alipomuuliza huyu muuzaji hayo, alimbloku.

Kama ameshakuhudumia na maumivu yanaongezeka, ngozi imekuwa nyeupe au ya mabaka, au macho yanaona ukungu, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Piga picha boksi kama bado unalo, tunza meseji za muamala. Sisi tumesharipoti TMDA. Uliyekutana naye njoo inbox tuunganishe ushahidi, maana anabadilisha namba na jina la akaunti kila mara.