Uhasibu: shahada ya uzamili au CPA?

Nilisoma shahada ya uzamili ya uhasibu jioni, baada ya kazi. Mwenzangu wa meza ya jirani ofisini alikuwa anapambana na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu Tanzania, ili apate CPA, yaani sifa ya kitaaluma ya uhasibu. Wote tulikuwa tunakunywa kahawa kupita kiasi.

Uzamili una utaratibu wake: mihadhara, kazi za vikundi (kila kikundi kina mtoro wake), kisha tasnifu. Tasnifu ndiyo iliyonichosha. Msimamizi wangu alikaa na sura ya pili wiki nyingi, akairudisha na alama moja ya kuuliza pembeni. Lakini nilijifunza kuhoji takwimu na kuuliza kwa nini kampuni ilichagua sera fulani ya kihasibu, badala ya kujaza jedwali tu.

CPA haikupi nafasi ya kubembeleza. Mitihani hufanyika Mei na Novemba. Ukianguka, unasubiri msimu mwingine. Mwenzangu alikariri viwango vya IFRS (kanuni za kimataifa za kuandaa taarifa za fedha) hadi akawa anaota hesabu za kampuni mama na tanzu zake. Ada yake ilikuwa nafuu kuliko yangu, tena kwa mbali.

Tofauti kubwa niliiona baadaye. Shahada yangu hainipi haki ya kusaini ripoti ya ukaguzi. Hiyo inataka usajili wa bodi. Yeye naye, akitaka kufundisha chuo kikuu, ataulizwa uzamili.

Kwa anayetaka ukaguzi, ningesema aanze na CPA. Mimi nimejisajili mwaka huu, nikiwa na mvi mbili.